Ripoti ya mwaka wa tatu huharibika mwaka wa kwanza

Msimamizi wa utafiti anapopokea sura ya kwanza kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aghalabu hukutana na mambo matatu kwa mpigo: mada pana kuliko muda uliobaki, aya zisizodai chochote, na marejeleo ya kuokoteza. Huzungushia wino mwekundu, humwita kijana ofisini, humwambia akarekebishe. Wiki mbili baadaye hurudishiwa rasimu ileile, safari hii maneno yamebadilishwa nafasi tu. Ndipo lawama zinapoanza: vijana hawasomi, simu zimewaharibu, sekondari zinatuletea watu wasiojua kuunga sentensi. Lawama hizo zina chembe ya ukweli, lakini hazimsaidii mtu. Mwanafunzi huyo amekaa chuoni mihula minne au mitano bila kupewa hata zoezi moja linalomtaka atoe dai lake mwenyewe, alithibitishe kwa data aliyoikusanya au kuisoma, kisha aandike upya baada ya kusahihishwa. Anadaiwa asichofundishwa.

Nyanda za Juu Kusini si eneo dogo tena katika elimu ya juu. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), kampasi ya Mzumbe, Teofilo Kisanji na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa ina Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha. Utaratibu wa kufundisha utafiti kwa shahada ya kwanza, hata hivyo, haupishani sana na ule wa vyuo vingine nchini: Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, kozi moja ya Mbinu za Utafiti mwaka wa pili au mwanzoni mwa wa tatu, halafu ripoti chini ya msimamizi. Katikati ya hizo kuna kozi thelathini na kitu za fani yenyewe, ambazo kila mhadhiri huamini kuwa kazi ya kufundisha kuandika inafanywa na mwenzake wa kozi nyingine.

Hiyo kozi ya Mbinu za Utafiti nayo mara nyingi hufundisha majina. Mtihani huuliza “Eleza aina tano za usampulishaji”, mwanafunzi hukariri, hupata B+, na akikabidhiwa jedwali lenye safu nne hajui aanzie wapi kulisoma. Hakuna ubaya katika majina, ila utafiti ni ufundi, na ufundi hauingii mwilini kwa muhula mmoja wa kunakili slaidi. Maoni yangu ni kwamba kazi ya kuufundisha iondolewe kwenye mabega ya kozi hiyo moja, isambazwe vipande vidogovidogo kwenye kozi za kawaida, na kwamba msaada wowote anaopewa mhadhiri upimwe kwa jambo moja: je, umebadilisha zoezi atakalolitoa muhula huu?

Kwa kipimo hicho, warsha nyingi huanguka. Tunazifahamu: siku mbili ukumbini, mada kuhusu “ufundishaji unaomlenga mwanafunzi”, chai ya saa nne, kazi za vikundi kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, cheti. Mhadhiri hurudi idarani Jumatatu akakutana na darasa la watu 120, maikrofoni inayokatika na swali la asainimenti la mwaka juzi. Hakuna alichokiona ukumbini kinachogusa hayo matatu, kwa hiyo hutoa swali lilelile.

Kikao kinachosaidia ni kidogo na hakina bajeti ya kutisha. Kinahitaji watu watatu au wanne: mhadhiri mwenye kozi, mwenzake wa idara hiyohiyo, mkutubi, na ikiwezekana mwalimu wa Stadi za Mawasiliano. Saa tatu zinatosha. Mwenye kozi anakuja na vitu vitatu: muhtasari wa kozi, zoezi alilotoa mara ya mwisho kama lilivyochapwa, na kazi tano za wanafunzi zilizofutwa majina, moja nzuri, tatu za katikati, moja mbovu. Saa ya kwanza yote itumike kusoma hizo kazi tano kabla mtu hajapendekeza chochote. Kwa kila kosa liulizwe swali moja: limetoka kwa mwanafunzi au limetoka kwenye swali? Wanaokaa kwenye vikao vya namna hii hushangaa ni makosa mangapi yamepandwa na swali lenyewe.

Chukua mfano wa kozi ya uchumi wa kilimo. Zoezi la kawaida husema: “Jadili changamoto zinazowakabili wakulima wa viazi mviringo mkoani Mbeya.” Majibu yanajulikana kabla kitabu hakijafunguliwa: mitaji, pembejeo, masoko, miundombinu, mabadiliko ya tabianchi. Badilisha viazi kuwa chai ya Mufindi au parachichi za Njombe, orodha inabaki vilevile. Swali halikuomba ushahidi, basi hakupatikana wa kuuleta. Halikumtaka mwanafunzi achague upande, basi hakuchagua. Mhadhiri akisahihisha insha 120 zinazofanana anahitimisha kwamba wamenakiliana, na pengine hawakunakiliana kabisa. Swali lilikuwa na jibu moja tu la kutoa.

Sasa liandike upya. “Chagua masoko mawili kati ya Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi. Kwa wiki tatu, siku ileile ya wiki, chukua bei ya viazi kwa wauzaji watatu katika kila soko. Andika kipimo kilichotumika, uzito uliopima mwenyewe, na mahali viazi vilikotoka. Kwa ukurasa mmoja na jedwali moja, jibu: je, bei kwa kilo inatofautiana kati ya masoko haya mawili kuliko inavyotofautiana kati ya wauzaji wa soko moja?” Hapo kila kikundi cha wanafunzi kina vipimo 18 mkononi, na hakuna kikundi kingine cha kukiazima jibu kwa sababu wiki zake, wauzaji wake na masoko yake ni yake.

Zoezi hili litaharibika, na linapoharibikia ndipo penye somo. Mmoja ataleta bei kwa debe, mwingine kwa sado, wa tatu kwa gunia. Gunia lenyewe linaweza kuwa la kilo 100 au la lumbesa, lililotiwa kichwa juu na kufungwa kwa kamba mpaka likazidi uzito ambao Sheria ya Vipimo inauruhusu. Mwanafunzi akigundua kwamba bei mbili alizolinganisha hazikuwa za kitu kimoja, amejifunza tatizo la upimaji kwa namna ambayo fasili ya “uhalali” na “uthabiti” isingemfundisha kwa muhula mzima. Mhadhiri asiwaachie waumie mno, lakini. Kipindi kimoja kabla ya kwenda sokoni darasa likubaliane fomu moja: safu za tarehe, soko, muuzaji (kwa namba, si kwa jina), kipimo, uzito kwa kilo, bei, chanzo. Kila kikundi cha watu wanne kiwe na mizani moja ya kuning’iniza. Data wakusanye pamoja, ukurasa kila mmoja aandike wake. Hivyo ndivyo unavyomkwepa yule msafiri wa bure anayejitokeza siku ya prezentesheni tu akiwa amevaa vizuri.

Wa historia wana utajiri mkubwa zaidi na wanautumia kidogo. Kilomita chache kutoka Iringa mjini ipo Kalenga, yenye makumbusho linamohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, alipouawa kamanda wa Wajerumani, Zelewski, vina masimulizi ya upande wa Wajerumani na yale yanayosimuliwa na Wahehe wenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe maelezo mawili ya tukio hilo, aorodheshe mambo matatu yanayokubaliana na mawili yanayopingana, kisha kwa aya mbili aeleze kipi anakiamini na kwa nini. Anayefanya hivyo mara mbili kwa mwaka hatasumbuliwa na mapitio ya maandiko atakapofika mwaka wa tatu.

Pingamizi la kwanza litakalotoka kwa wahadhiri ni la haki: nani atasahihisha? Tufanye hesabu. Insha ya kurasa kumi kwa darasa la watu 120, dakika 20 kila moja, ni saa 40. Ukurasa mmoja kwa darasa hilohilo, dakika nne kila mmoja, ni saa nane. Kazi nne za ukurasa mmoja kwa muhula ni saa 32, yaani chini ya insha moja ndefu, na mwanafunzi ameandika mara nne badala ya moja. Urefu wa kazi ndio unaommaliza mhadhiri. Idadi ya kazi haina hatia kubwa.

Dakika nne zinawezekana kwa masharti mawili. Kwanza, mwongozo wa usahihishaji uwe na mistari minne tu na mwanafunzi awe nao kabla hajaanza kuandika: dai liko wazi ndani ya sentensi mbili za mwanzo, kila dai lina ushahidi uliotajwa chanzo, jedwali linasomeka bila kusoma maandishi, mwandishi ametaja udhaifu mmoja wa data yake. Kila mstari alama 0, 1 au 2. Miongozo yenye mistari 14 na asilimia za nusunusu inapendeza kwenye faili la ukaguzi wa ubora, lakini ikifika kazi ya thelathini mhadhiri huacha kuisoma na kukadiria kwa jicho.

Sharti la pili linawaudhi wengi: acha kusahihisha sarufi. Richard Haswell, mwalimu wa uandishi huko Marekani, alieleza mwaka 1983 jinsi alivyokuwa akiweka alama ndogo tu pembezoni mwa mstari wenye kosa, bila kusema kosa ni lipi, na kumtaka mwanafunzi alitafute mwenyewe kabla ya kupewa alama zake. Wanafunzi waliyapata na kuyarekebisha zaidi ya nusu ya makosa yao. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya makosa ya lugha yanatokana na kutoirudia kazi. Mhadhiri anayeandika upya kila sentensi kwa wino mwekundu anafanya kazi ambayo mwanafunzi angeweza kuifanya, na anabaki bila nguvu ya kuandika ile sentensi moja ambayo mwanafunzi asingeweza kujiambia: “Dai lako la tatu linapingana na jedwali lako.”

Na ni lazima kuandika upya kuwe na alama. Maoni yanayotolewa pamoja na alama za mwisho hayasomwi. Mwanafunzi huangalia namba, hupiga hesabu ya kozi weki, basi. Ukirudisha kazi na maoni bila alama, ukawapa siku tano, ndipo ukaweka alama kwa toleo la pili, maoni yaleyale yanasomwa mstari kwa mstari.

Upande wa kusoma, tatizo la kwanza ni kwamba mwanafunzi hujifunza kuandika kwa kuiga ripoti za waliomtangulia zilizopangwa kwenye rafu ya maktaba, na nyingi ya hizo ndizo zenye ugonjwa wenyewe. Utangulizi huanzia duniani, ukashuka Afrika, ukapita Afrika Mashariki, ukafika Tanzania, na ukurasa wa sita ndipo unapotia mguu Mbalizi. Njiani haujasema tatizo ni nini. John Swales, mwanaisimu, alionyesha mwaka 1990 kwamba utangulizi wa makala za kitaaluma hupiga hatua tatu: kueleza uwanja unaohusika na umuhimu wake, kuonyesha palipo na pengo, kisha kueleza utafiti huu utalizibaje. Hatua hizo zinaweza kufundishwa kwa saa moja. Wape wanafunzi utangulizi wa makala tatu fupi, kalamu za rangi tatu, wapigie mstari kila hatua inapoanzia. Halafu wafanye hivyohivyo kwenye rasimu zao. Wengi watakuta rangi ya pili haipo kabisa.

Mapitio ya maandiko nayo huwa foleni ya “Kwa mujibu wa fulani (2012)… Naye fulani (2015)…” mpaka kurasa kumi zimekwisha bila watafiti hao kukutana. Dawa yake ni jedwali la usomaji: mstari mmoja kwa kila makala, safu sita za swali, mahali, data, mbinu, matokeo na udhaifu. Makala nane zinatosha kwa shahada ya kwanza. Likijazwa, mwanafunzi asiruhusiwe kuandika aya kwa kufuata mistari. Aandike kwa kufuata safu. Aya moja kuhusu matokeo yanayokubaliana, moja kuhusu yanayopingana, moja kuhusu mbinu ambazo hakuna aliyezitumia. Pengo la utafiti linajitokeza lenyewe kwenye safu yenye nafasi tupu.

Makala hizo zinapatikana wapi? Hapa mkutubi ana kazi kubwa kuliko anayopewa. Mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002 na ya kilimo, AGORA, 2003, huzifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida yanayouzwa kwa fedha nyingi kwingineko. Tovuti ya AJOL (African Journals Online) imekusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka wazi matokeo ya Sensa ya 2022 kwa mikoa na wilaya. Tovuti hizi zinafundishwa, ndiyo, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, katika ziara ya maktaba ambapo watu mia mbili wanazungushwa kwenye rafu. Hakuna anayekumbuka. Saa hiyohiyo moja ya mkutubi ihamishiwe ndani ya kozi, wiki ambayo wanafunzi wana swali mkononi na wanatafuta jibu lake.

Kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, inastahili aya yake, kwa jinsi ilivyogeuka kuwa pambo la sura ya tatu. Idadi ya watu inagawanywa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa linaloruhusiwa. Kijiji chenye kaya 1,200, kwa kosa la 0.05, kinadai sampuli ya kaya 300. Kwa kosa la 0.1, kaya 92. Mwanafunzi huchagua 0.1 kwa kuwa anaona nauli, na hilo si dhambi, lakini hasemi kwamba ameyumbisha makadirio yake mara mbili zaidi. Kisha, baada ya hesabu yote hiyo, dodoso hupewa yeyote aliyekutwa kijiweni. Kanuni imejengwa juu ya kuchagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Bila orodha haina maana. Msimamizi aulize swali moja: daftari la kaya liko kwa nani? Kama mtendaji wa kijiji analo, mwanafunzi achague namba ya kuanzia kati ya 1 na 13, kisha achukue kila kaya ya 13. Kama halipo, aachane na Yamane, afanye mahojiano marefu na watu 12 waliochaguliwa kwa sababu zinazoelezeka, na asione haya kuyaita mahojiano.

Dodoso lenyewe huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ripoti ni ya Kiingereza, halafu hutafsiriwa papo kwa papo mbele ya mkulima wa Tukuyu au Kilolo, kila siku kwa maneno tofauti. Wahojiwa sitini wanakuwa wamejibu maswali sitini. Liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, lijaribiwe kwa watu wanane wasio kwenye sampuli, na nakala zote mbili ziwekwe kwenye kiambatisho. Majaribio hayo huokoa mengi. Swali la “kipato chako kwa mwezi” humkwaza mtu ambaye hana mwezi, ana msimu. Muulize aliuza magunia mangapi msimu uliopita, ya ukubwa gani, kwa bei gani, ufanye hesabu mwenyewe. Na fomu zisichukue majina na namba za simu kwa mazoea: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwanafunzi anayetunza taarifa za watu kwenye simu yake hajasamehewa.

Kisha kuna kalenda, ambayo kwa mikoa yetu ni suala la utafiti kabisa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Anayetumwa Makete au Rungwe Februari kukusanya data kwa wakulima atakuta njia imeteleza na nyumba zina watoto tu, wakubwa wako palizini mpaka jioni. Dodoso zinazojazwa chini ya mti na mwanafunzi mwenyewe huzaliwa hapo. Siitetei tabia hiyo, nasema inatabirika. Muda mzuri wa vijijini ni kuanzia Julai hadi Septemba, baada ya mavuno, ambapo vyuo vimefungwa. Njia iliyonyooka ni kuunganisha ukusanyaji wa data na fildi ya mwishoni mwa mwaka wa pili, na hilo linalazimisha swali la utafiti na dodoso viwe vimepitishwa ifikapo Juni ya mwaka huo. Barua ziombwe mapema pia: kutoka chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa au Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, kisha wa kijiji. Mmoja akiwa safarini, wiki imekwenda.

Usimamizi wa mmoja mmoja ni anasa tuliyoirithi kutoka madarasa madogo. Wanafunzi 12 kwa nusu saa kila mmoja ni saa sita, na msimamizi hurudia maneno yaleyale mara 12. Wagawe vikundi viwili vya watu sita, dakika 90 kila kikundi, kila mtu alete nakala za ukurasa mmoja, wasomeane kwanza. Saa tatu zinakwisha, na kosa la mmoja limewafundisha sita. Ya faragha yabaki ya faragha, lakini ni machache.

Alama nazo zifuate hatua. Leo ripoti nzima hupimwa inapokabidhiwa ikiwa imejalidiwa, na hiyo ndiyo hali inayomlisha mtu wa stesheneri anayeuza risechi zilizokwisha kuandikwa. Zikigawanywa, swali na mpango wa ukurasa mmoja 10, jedwali la usomaji 15, dodoso na taarifa ya majaribio 15, data ghafi na uchambuzi wa awali 20, ripoti 30, mahojiano ya ana kwa ana 10, biashara hiyo inakuwa ngumu. Muuzaji angelazimika kuuza mwaka mzima wa kazi pamoja na kumbukumbu yake.

Mgawanyo huo unajibu pia hofu ya akili mnemba, iliyowakumba wahadhiri tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Wengine wamekimbilia asilimia ya Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, kana kwamba ni kipimo cha malaria. Namba hiyo huhesabu maandishi yanayofanana na ya kwingine, pamoja na marejeleo na vichwa vya sura kama hayakuondolewa. Asilimia 30 inaweza kuwa ya mtu mwaminifu mwenye marejeleo mengi. Asilimia 8 inaweza kuwa ukurasa mzima ulioibwa. Mhadhiri afungue ripoti ya Turnitin aisome, au bora zaidi, amuulize mwanafunzi kwa dakika kumi: muuzaji namba nne alikuambia nini? Kwa nini kaya tatu hazimo? Aliyekuwa sokoni hajibu kwa shida.

Kinachobaki ni muda wa mhadhiri, na hapo idara haiwezi kujificha. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Mihadhara ya saa tatu kwa wiki 15 inachukua 45. Saa 55 za mwanafunzi zipo tayari kwenye mtaala kwa kusoma, kukusanya na kuandika, hakuna haja ya kuomba idhini ya kubadili chochote. Za mhadhiri ndizo hazipo, kwa kuwa usahihishaji wa matoleo mawili hauonekani kwenye jedwali la mzigo wa kazi, na kupanda cheo kunategemea zaidi machapisho. Mkuu wa idara anaweza kufanya mambo mawili bila kusubiri Seneti: kuhesabu saa za kusahihisha matoleo kama saa za kufundisha anapogawa kozi, na kuwapanga wahadhiri wasaidizi kwenye semina za kuandika badala ya kuwafanya wasimamizi wa mitihani na wabeba mahudhurio.

Asianze na kozi zote. Achague tatu, moja kwa kila mwaka wa masomo, zenye wahadhiri waliokubali wenyewe, na vikao vya saa tatu vifanyike Septemba kabla ya ratiba kutoka. Mwisho wa muhula kazi tano tano za kila kozi zifutwe majina na ziwekwe kwenye faili la idara pamoja na swali lililozizaa, ili Septemba inayofuata kikao kiwe na cha kusoma.